Joginder Singh, Fundi Aliyejua Kufika

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kumkumbuka mtu mmoja aliyependwa sana katika Afrika ya Mashariki, naye ni Joginder Singh, fundi wa motokaa na mwendeshaji hodari wa mashindano ya Safari. Alifariki tarehe 20 Oktoba 2013, mwenye umri wa miaka 81. Watu wengi waliokuwa watoto katika miaka ya 1960 na 1970, wakilisikia jina lake hata leo, hukumbuka vumbi la Pasaka, ngurumo ya injini, na mtu mwenye kilemba aliyepita kama upepo. Wengine walimpa jina la Simba wa Kenya.

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Sardar Battan Singh, alikuwa mtu wa Punjab aliyehamia Kenya, akawa na karakana ya kutengeneza motokaa. Jamaa yao ni Masingasinga, ambao watu wa kwetu huwaita Makalasinga, nao tangu zamani wamejulikana kwa ufundi wa mbao na chuma. Basi kijana huyu hakuanza kwa usukani. Alianza kwa spana. Alijifunza kwanza kuiponya motokaa mbovu, ndipo baadaye akajifunza kuikimbiza motokaa nzima.

Mwaka 1958 aliajiriwa na Chama cha Wenye Motokaa cha Afrika ya Mashariki, akawa mtu wa kwanza wa chama hicho kupewa kazi ya kupita barabarani na kuwasaidia wasafiri walioharibikiwa. Kazi hii ilikuwa chuo kikubwa kwake. Mwenye kuitwa kila siku penye motokaa iliyokufa njiani hujifunza ni kitu gani huvunjika kwanza, na kwa sababu gani.

Huenda wako wasikilizaji, hasa vijana, wasiojua jinsi mashindano ya Safari yalivyokuwa siku zile. Yalianzishwa mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja. Yalikuwa safari ya yapata maili 3,000, mchana na usiku, katika barabara zile zile tupitazo sisi na ng'ombe wetu. Motokaa ziliondoka mojamoja kwa kupishana dakika chache, na kila moja ilipaswa kufika penye vituo kwa saa iliyowekwa. Kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa kosa, na mwenye makosa machache kuliko wote ndiye aliyeshinda.

Kwa kuwa Pasaka huangukia majira ya masika, vumbi la asubuhi huweza kuwa tope la jioni, na kijito cha kuvuka kwa miguu huweza kuwa mto. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na mara hii tena zikafika 7. Wahenga walisema, kutangulia si kufika. Twadhani hakuna mahali ambapo methali hii ilionekana wazi kuliko hapo.

Sasa ndipo tuonapo faida ya kuwa fundi. Asiyejua chombo chake huona kwamba kushinda ni kukanyaga mafuta tu. Walakini fundi husikiliza. Husikia springi inapolalamika, hunusa mafuta yanapoungua, hujua kwa mtetemo wa usukani kwamba gurudumu limeanza kulegea. Kabla ya safari huifungua motokaa yote, hukaza kila kilicholegea, huimarisha kilicho dhaifu, na kuirekebisha injini hata iwe na nguvu bila ya kupoteza subira yake. Na awapo njiani hujua kiasi ambacho mashine yaweza kustahimili, asipite hapo ila kwa haja.

Joginder Singh aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Kwa muda wa miaka sita hakushinda. Wala hakuwa peke yake, maana tangu 1953 hata 1964 hakuna mwendeshaji asiye Mzungu aliyepata kushinda. Wako waliodhani kwamba mambo yatakuwa hivyo siku zote: kwamba wana wa karakana kazi yao ni kutengeneza motokaa, na wengine kazi yao ni kupokea vikombe.

Ikaja Pasaka ya mwaka 1965. Joginder aliingia pamoja na ndugu yake, Jaswant Singh. Motokaa yao ilikuwa Volvo, namna ya PV544, wala haikuwa mpya. Ililetwa na kundi la kiwanda kwa mashindano ya mwaka uliotangulia, na kundi hilo lilipokwisha kwenda zake, motokaa ilibaki huku. Joginder akaitengeneza upya. Ilipopigwa kura ya namba, walipata namba moja. Namba hiyo ni neema njia iwapo kavu, kwa maana huli vumbi la mtu. Lakini njia iwapo na tope, wewe ndiwe unayewafungulia wengine. Mwaka ule ndugu hawa wawili walitangulia, na walifika. Motokaa iliyoachwa na wageni ilishinda mikononi mwa watu wa hapa, na watu wa kila kabila walishangilia.

Hakukomea hapo. Mwaka 1974 alishinda tena, pamoja na David Doig, katika Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo ya lita 1.6. Aliyemfuata wa pili alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, mwendeshaji mwenye sifa duniani, katika Porsche. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda mara nyingine, na Mitsubishi zikachukua nafasi zote tatu za kwanza. Hivyo Joginder akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu.

Lakini sisi, wasikilizaji wetu, tukipima sifa zake twaiweka hesabu nyingine mbele ya vikombe hivyo vitatu. Joginder Singh aliingia Safari mara 22, naye alifika mwisho mara 19. Zikumbukeni zile motokaa 7 kati ya 93, ndipo mtakapojua uzito wa hesabu hii. Wenye kasi walikuwa wengi. Wenye kufika walikuwa wachache, naye karibu kila mwaka alikuwa miongoni mwao.

Ninyi vijana mlio mashuleni, na ninyi mnaojifunza kazi katika karakana, msione haya kwa mikono yenye mafuta. Huenda bwana mwenye motokaa akapita mbele yenu bila kuwatazama. Mtu huyu tumkumbukaye leo aliianza kazi yake mahali hapo hapo mlipo ninyi. Kijueni chombo chenu, kiwe motokaa, baiskeli, cherehani, au jembe. Kitunzeni kabla hakijaharibika, wala msikitume kupita nguvu zake. Siku ya tope kubwa itakapokuja, nacho kitawafikisha.