Tumbo la Mwenye Kufunga
(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu, wewe ambaye tumbo languruma saa hii, usione haya. Tumbo tupu halilali. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi hupitisha wimbi la nguvu linalofagia mabaki kuyapeleka chini matumboni. Ule mngurumo ni ufagio, si ugonjwa. Ukila tu, hukoma.

Na asidi je? Wengi hudhani mchana kutwa inamwagika tu. La. Ukiwa hujala hutoka kidogo kidogo. Kinachofungua bomba ni ishara, na ishara ya kwanza ni habari ya chakula, kabla hata chakula chenyewe. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwa mbwa kwamba chakula kikitafunwa kisha kikatokea kwenye tundu la shingoni, tumbo hutoa maji yake vilevile ingawa halikupata kitu. Ubongo hutuma amri kwa neva iitwayo vagasi. Sasa wewe uliyekaa jikoni saa kumi na moja sambusa zinakaangwa, asidi ishaanza kazi na adhana bado!

Chakula kikifika, tumbo hutanuka, na sehemu yake ya chini hutia homoni ya gastrini kwenye damu, ambayo huamrisha asidi izidi. Mawimbi kama matatu kwa dakika husaga. Asidi ikiwa kali mno, gastrini hupunguzwa. Tena kuna mlinzi mwanzo wa utumbo mwembamba. Asidi ikiingia pale hutoka sekretini, homoni waliyoigundua Bayliss na Starling huko London mwaka 1902, nayo huita maji ya kongosho yaje kuizimua. Mafuta yakiingia, homoni nyingine huliambia tumbo: ngoja, polepole.

Hapo ndipo futari zetu zinapotutia mashakani. Tende na maji hupita upesi. Lakini ukibugia bajia, viazi karai, na biriani juu yake, mafuta hulichelewesha tumbo, limejaa, asidi imo, nawe wajilaza mkekani. Itakwenda wapi? Itapanda juu, ndio kiungulia hicho. Na daku ni vivyo hivyo, ukila ukarudi kitandani papo hapo.

Vidonda vya tumbo ni jambo jingine, wala havizaliwi na njaa. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kuwa vingi huletwa na bakteria aitwaye helikobakta, na hutibika kwa dawa. Sababu nyingine kubwa ni vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, tunavyonunua dukani bila kuuliza. Hudhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo. Kijana anayemeza kimoja kila daku ati kwa ajili ya kichwa, mwezi mzima, anajichimbia.

Mwenye vidonda aonane na daktari kabla ya kufunga, na akiambiwa ale, basi ale, atalipa siku nyingine. Mgonjwa ana ruhusa yake. Na ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje Maghribi. Fungua, uende hospitali saa hiyo hiyo.