Baada ya Kushonwa Kidonda, Nini Kinafuata?



Leo tuongee kuhusu pombe. Tulieni, sikuja kuwahubiria kwamba pombe ni mbaya. Hayo mmeshayasikia mpaka mmechoka. Nataka tujiulize jambo lingine: mtu akifika hospitali kwa sababu ya pombe, anapata msaada gani? Na tutajuaje kama msaada huo unafaa kweli?

Mchukue kijana aliyeanguka na bodaboda Jumamosi usiku, ananuka mbege. Anasafishwa, anashonwa, anapewa dawa za maumivu, haya, nenda nyumbani. Kidonda kimetibiwa, lakini kilichomwangusha hakijaguswa. Safari nyingine anaweza kuanguka na abiria.

Ndiyo maana zipo hospitali zinazoongeza hatua. Kwanza ni maswali. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10, linaitwa AUDIT. Unakunywa mara ngapi? Kiasi gani? Umewahi kuumia au kuumiza mtu kwa sababu ya pombe? Ukipata alama 8 au zaidi, unywaji wako una hatari.

Pili ni mazungumzo mafupi na muuguzi, bila kugombezwa. Mgonjwa mwenyewe anasema pombe inamgharimu nini, kisha anachagua hatua ya kuchukua. Pale KCMC, Moshi, wataalamu walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakaandaa huduma ya namna hiyo kwa majeruhi. Waliipa jina Punguza Pombe kwa Afya Yako. Hawakuishia kuisifu, bali waliifanyia majaribio, wagonjwa wakigawanywa kwa bahati nasibu.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu ni rahisi kujidanganya. Hospitali ikisema imehudumia watu mia tano, imekuambia idadi ya waliopita mlangoni tu. Ukikutana na mmoja aliyeacha kunywa, mpongeze. Lakini wale wengine wako wapi?

Sikilizeni mfano huu. Mwaka 1999, Dk. Larry Gentilello na wenzake walitoa matokeo ya utafiti kutoka hospitali ya Harborview, Seattle, Marekani. Majeruhi 762 wenye matatizo ya pombe waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata mazungumzo, la pili halikupata. Baada ya mwaka, waliozungumza walikuwa wamepunguza vinywaji kama 22 kwa wiki. Wa kundi la pili? Nao walipunguza, kama 7.

Mmeona hapo? Ajali yenyewe inamshtua mtu. Wangehesabu kundi la kwanza peke yake, wangeipa huduma sifa isiyo yake. Jambo la pili ni kwamba baada ya huo mwaka walipatikana zaidi kidogo ya nusu ya watu wote. Waliokosekana, je, walipona au walirudi kilabuni? Taarifa ya kweli inawataja na wao.

Sasa, tahadhari moja. Mazungumzo hayamtoshi kila mtu. Anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata kifafa, hata kufa. Kwa hiyo msimfungie mjomba chumbani eti aache pombe. Mpelekeni hospitali, apewe dawa na aangaliwe kwa karibu.

Basi, ukimsindikiza kaka au baba yako hospitali, usiondoke na cheti cha dawa tu. Uliza kwa adabu:

1. Je, mnampima mgonjwa matatizo ya pombe, au mnashona tu?
2. Nani atazungumza naye, tena faragha?
3. Akiwa na dalili za kuacha ghafla, mtamlaza?
4. Baada ya mwezi, na baada ya mwaka, nani atamfuatilia?

Lile swali la nne ndilo linalopima huduma. Kama hakuna anayefuatilia, basi hakuna anayejua kama huduma inasaidia, hata ukuta wa kliniki ukijaa mabango. Na kama hospitali haina wa kumfuatilia, anzeni nyinyi wa nyumbani: mkumbusheni tarehe ya kurudi kliniki, mmsindikize. Msimcheke akiteleza. Kuteleza si kuanguka.

Haya, maswali?