Mgeni na Jembe: Hotuba juu ya Kuhama Mjini na Kukaa Shamba



Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako walidhanio neno hili kuwa ni la kumfukuza mgeni. Sivyo. Apewaye jembe ndiye aliyekubaliwa. Asiyepewa hubaki mgeni mpaka kufa kwake.

Mji wa Kasese wenyewe ulikuzwa na wageni. Reli ya kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe, nao watu wakaja kutoka pande nyingi kutafuta mshahara. Kufikia mwaka 1982 uchimbaji wa shaba ulikuwa umekwisha simama, na leo treni haifiki tena. Mshahara ulikatika, lakini ardhi ilibaki. Kwa hiyo si ajabu kumwona mtu wa mjini akifunga mizigo yake, akashika barabara ipitayo Kikorongo kwenda Bwera, ili alime kahawa, mihogo na maharage miongoni mwa Wakonzo.

Ama shida yake ya kwanza haiko shambani, iko mlangoni. Afikapo kijijini hungoja kuamkiwa, kwa kuwa yeye ni mgeni. Na wenyeji nao humngoja awaamkie, kwa kuwa yeye ndiye aliyewajia. Miezi hupita, kila upande ukidhani kuwa mwenziwe ana kiburi.

Tena Bwera ni nchi ya mpakani, nayo imeonja msiba. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, huko Mpondwe, wakawaua wanafunzi zaidi ya 30. Baada ya huzuni kama ile, mtu asiyejulikana akiulizwa atokako, asikasirike. Yampasa aende mapema kwa mwenyekiti wa kijiji, akiwa na barua ya mwenyekiti wa mahali alipotoka, kisha kwa imamu wa msikiti. Ataje jina lake, kazi yake na jamaa zake. Ajulikanaye hulindwa na majirani, naye huwalinda.

Mwaka 622 Waislamu wa Makka, ambao wengi wao walikuwa watu wa biashara, walihamia Madina, mji wa mitende na mashamba. Ansari walitaka kuwagawia ndugu zao mitende. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakukubali miti igawanywe. Ikaafikiwa kwamba wageni washiriki katika kazi, na mavuno yawe ya pande zote mbili. Naye Saad bin Rabii alipotaka kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake, Abdurrahman alimwombea baraka, akataka aonyeshwe njia ya sokoni tu. Mwenyeji hakuzuia, wala mgeni hakutegemea.

Basi yampasa ahamaye ajifunze Lukonzo, hata kama Kiswahili chamtosha sokoni Mpondwe. Anunue ardhi mchana, mbele ya majirani wa mipaka yote. Ahudhurie maziko kabla ya kualikwa harusini, ashike sepetu pamoja na vijana. Ujuzi wake wa mjini, kama vile kuandika hesabu za chama, autoe aombwapo. Wala asitafute uenyekiti katika mwaka wake wa kwanza.

Wenyeji nao wana wajibu wao. Wasimwuzie ardhi kwa bei ya mgeni, wala wasimfanye mfuko wa kila mchango. Wamwonyeshe mwezi wa kupanda, na mteremko uporomokao mvua zizidipo. Akikosea kulima, wamfundishe kwanza, ndipo wacheke pamoja naye.

Siku atakapoitwa msibani kama aitwavyo mtu yeyote wa kijiji, akatoka na jembe lake bila kuulizwa atokako, siku hiyo ugeni wake utakuwa umekwisha.

Mwenyezi Mungu awajaalie wageni na wenyeji mapenzi na subira. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.