Pengo la Mbele, Pengo la Nyuma: Meno ya Bandia kwa Watoto Wadogo



Mzazi wa mtoto wa miaka minne akiambiwa kwamba mwanawe anaweza kutengenezewa meno ya bandia, mara nyingi huuliza: ya nini, na hayo ni meno ya utotoni, si yataota mengine? Swali hilo ni la haki, na sisi wenye fani ya meno tunalijibu ovyo. Wengine tunamkubalia mzazi upesi mno na kumwacha mtoto na pengo. Wengine tunamtengenezea yeyote mwenye uwezo wa kulipa. Ninavyoona mimi, yatupasa kwanza tuangalie ni jino gani limetoka na la kudumu litaota lini, kisha tujihakikishie kwamba mtoto huyo tutamwona tena.

Nianzie nyuma ya kinywa. Kati ya meno 20 ya utotoni, 8 ni magego, na gego la pili hukaa hadi mtoto afikie miaka 10 au 12. Gego la kwanza la kudumu huota nyuma yake mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na hulitegemea hilo la utotoni liliongoze. Tukiling'oa mapema, la kudumu husogea mbele na kula nafasi ya jino linalosubiri chini, na nafasi nyingi hupotea katika miezi 6 ya mwanzo. Hatimaye jino lililonyimwa nafasi huota nje ya mstari au hukwama ndani ya mfupa. Hata hivyo, mtoto aliyepoteza gego moja hahitaji meno ya bandia. Anahitaji kishikilia nafasi, yaani pete ya chuma inayogandishwa kwenye gego la jirani, yenye kitanzi cha waya kinachovuka pengo. Hawezi kukivua wala kukisahau shuleni. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua tuyafikirie pale magego kadhaa yameondoka na mtoto hana pa kutafunia.

Mbele mambo ni mengine. Chonge zikishaota, nafasi ya meno ya mbele kwa kawaida haipotei. Tunaijaza kwa ajili ya sura na matamshi, na sababu hizo si ndogo hata kidogo. Sauti f, v, th na dh zinahitaji meno ya mbele ya juu, na mtoto anayezibaziba mdomo kwa mkono kila anapocheka, kwa sababu wenzake humwita kibogoyo, anaumia kweli. Lakini umri uangaliwe. Mwenye miaka mitatu atakaa na pengo miaka minne au zaidi, huyo asaidiwe. Mwenye miaka sita na nusu aambiwe asubiri, maana meno ya kudumu ya mbele ya juu huanza kuota kati ya miaka 7 na 8.

Yupo mtoto mmoja ambaye hatupaswi kusita juu yake: yule aliyezaliwa na meno machache sana au bila meno kabisa. Ukimwona, usiishie kinywani. Angalia nywele kama ni chache na nyembamba, na muulize mama kama mtoto hutoka jasho. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa tezi za jasho pamoja na meno. Joto likipanda, mwili wao hupata homa, na familia hutibu malaria mara kwa mara bila kujua chanzo. Kwao hakuna meno mengine ya kusubiri. Wanaweza kuanza meno ya bandia wakiwa na miaka mitatu hivi, yakatengenezwa upya kila taya linapokua.

Kuhusu utengenezaji nitasema machache. Kipimo cha taya kichukuliwe mtoto akiwa ameketi wima, tukianza na taya la chini ili asitapike. Plastiki iive vizuri, kwani isiyoiva huwasha fizi. Tukumbuke pia kwamba plastiki hiyo haionekani kwenye eksirei. Ikimezwa, kinachoonekana ni waya tu. Kwa hiyo mtoto mwenye kifafa, anayeweza kuyameza akishikwa, asipewe meno ya kuvua, na watoto wote wayavue usiku na kuyaloweka katika maji baridi.

Kazi kubwa huja baada ya kukabidhi. Mtoto arudi kila baada ya miezi mitatu hivi. Jino jipya likichungulia, plastiki ikatwe kulipisha. Taya likipanuka, waya ulegezwe au kifaa kitengenezwe upya. Meno ya bandia yaliyosahauliwa kinywani mwaka mzima hubana meno yanayoota, huvimbisha fizi, na hukusanya uchafu unaoozesha meno mazima yaliyoshikiliwa na waya. Mtoto huyo angekuwa salama zaidi na pengo lake.

Wengi wetu tunahudumia familia zinazosafiri kutwa nzima kufika kliniki, nauli yao ikiwa ya kukopa. Ndiyo maana naomba jambo moja la kutenda tukirudi vituoni: kabla ya kuchukua kipimo cha taya, kaeni na mzazi mkubaliane tarehe ya kurudi na kituo kitakachompokea, mviandike kwenye kadi ya mtoto. Mkishindwa kukubaliana, kipimo kisichukuliwe.