Mji Usio na Mtumwa: Mchezo wa Caesar III na Neno "Muungwana"



Madhumuni ya mhadhara huu ni kuchunguza swali moja la tafsiri: mfasiri wa Kiswahili afanyeje anapokabiliwa na matini iliyonyamaza mahali ambapo lugha yake mwenyewe haiwezi kunyamaza? Mfano uliochaguliwa ni mchezo wa kompyuta. Huenda uteuzi huo ukawashangaza waliozoea kusikia utenzi au riwaya ikijadiliwa katika ukumbi wa aina hii. Hata hivyo, mchezo huo una wahusika, mandhari, migogoro na maadili, nao umewafikia vijana wengi ambao hawajapata kufungua kitabu cha historia ya Roma. Unastahili kusomwa kwa makini.

Caesar III ulitungwa na kampuni ya Impressions Games na kutolewa na Sierra mwaka 1998. Mchezaji huteuliwa na Kaisari kuwa liwali wa jimbo, akapewa ardhi tupu na fedha za kuanzia. Hupima viwanja, huchora barabara, hujenga mahodhi na mifereji ya maji, masoko, mahekalu ya miungu watano, shule na viwanja vya michezo. Wahamiaji huja na kupiga mahema. Maji yakifika, muuza soko akipita na chakula, na kuhani akipita barabarani, hema hugeuka kibanda, kibanda hugeuka nyumba, na nyumba hugeuka ghorofa. Huduma zikikatika, nyumba hurudi nyuma ngazi kwa ngazi. Liwali hupimwa kwa mambo manne: utamaduni, ustawi, amani, na kibali chake mbele ya Kaisari.

Ipo kanuni moja yenye kufikirisha zaidi. Kila afanyaye kazi katika mji huu hulipwa ujira, na kiwango chake hupangwa na liwali. Lakini nyumba ikipanda hadi daraja la villa, wakazi wake huhesabiwa kuwa watu wa tabaka la juu, nao huacha kufanya kazi kabisa. Mchezaji hugundua kwamba kadiri mtaa unavyotajirika, ndivyo mikono ya kazi inavyopungua, na kwamba hana budi kujenga mitaa mingine ya watu wa chini ili mji usisimame. Hapa mchezo unasema kweli kuhusu jamii ya matabaka. Hata hivyo, unaisema nusu. Katika mji wote huo mchezaji hanunui, hamiliki wala hatumii mtumwa hata mmoja.

Historia inaeleza vingine. Chukuliwe mfano wa maji, ambayo ndiyo roho ya mchezo. Sextus Julius Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya jiji la Roma mwaka 97 BK, aliacha maandishi yanayotaja vikosi viwili vya watumwa waliotunza mifereji: kimoja cha umma chenye watu wapatao 240, na kingine cha Kaisari chenye watu 460. Chukuliwe pia mfano wa zimamoto, ambao katika mchezo ni vibarua wa kawaida. Mwaka 22 KK Augustus aliwapa maofisa wa jiji watumwa 600 kwa kazi hiyo, na mwaka 6 BK akaunda kikosi kipya kilichojazwa watu walioachwa huru. Mchezo umehifadhi hata maasi ya wapiganaji wa uwanjani, lakini umeyaondolea sababu yake. Spartacus na wenzake walioasi Capua mwaka 73 KK walikuwa watumwa, na ndiyo maana waliasi.

Haki inataka watungaji nao wasikilizwe. Kumweka mtumwa katika orodha ya bidhaa, kando ya ngano na marumaru, kungemfundisha kijana kumnunua binadamu kwa kubonyeza kitufe na kufurahia faida yake. Kunyamaza kulikuwa na heshima fulani. Lakini kimya hicho kina gharama, kwa kuwa mchezaji huondoka akiamini kwamba miji mikubwa ya kale ilijengwa kwa mipango mizuri na ujira peke yake.

Sasa na tuugeukie upande wa Kiswahili. Mfasiri atakapolifikia tabaka la juu la mji huu, atatafuta neno. "Kabaila" lipo, lakini limebeba siasa za Azimio la Arusha la mwaka 1967. "Mwinyi" lipo, lakini husisitiza umilikaji. Neno linalokaa vyema zaidi ni "muungwana". Na hapo ndipo kimya cha mchezo kinapovunjika, maana katika matumizi ya kale ya pwani muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Maana yake ilisimama juu ya kinyume chake. Hata jina Kingwana, lililopewa Kiswahili cha Kongo, limetokana na waungwana hao.

Wala si neno hilo pekee. Warumi walimwita "verna" mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake. Watu wa pwani walimwita "mzalia". Aliyekimbia Warumi walimwita "fugitivus". Pwani aliitwa "mtoro". Kiswahili kina pia "mtwana" na "mjakazi". Kwa ufupi, msamiati wa kuwataja watu walioachwa nje ya mchezo upo tayari, umekamilika, na haukuazimwa ili kukidhi haja ya tafsiri. Ulitokana na maisha yaliyoishiwa hapa. Utumwa ulipoteza hadhi ya kisheria Zanzibar mwaka 1897, ukakomeshwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922.

Uhusiano na Roma yenyewe nao si wa kubuni. Periplus ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK na mfanyabiashara wa Misri iliyokuwa chini ya Roma, inataja pembe za ndovu zilizotoka Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania. Kaskazini zaidi, katika Pembe ya Afrika, inataja bandari ya Opone na watumwa waliopelekwa Misri. Basi miongoni mwa watu wasioonekana katika mji wa mchezo, baadhi walitoka upande huu wa bahari.

Pingamizi moja haliwezi kupuuzwa. Kijana wa leo akisikia "muungwana" huelewa mtu mstaarabu, mwenye adabu. Na methali yasema muungwana ni vitendo. Akisikia "mtoro" humfikiria mwanafunzi aliyekwepa darasa. Maana zimehama, na kuhama huko ni jambo jema: sifa iliyokuwa ya nasaba imekuwa ya mwenendo, ikapatikana kwa kila mtu. Lakini anayelirithi neno bila kujua lilikotoka amerithi nyumba bila kujua nani aliyebeba mawe yake.

Pendekezo la mhadhara huu, kwa hiyo, ni dogo. Mfasiri asiuongezee mchezo watumwa ambao haukuwaweka, kwani hiyo si kazi yake. Atumie neno "muungwana" bila woga, na mwalimu wa Kiswahili alichukue hapo alipoachia mfasiri. Mwanafunzi aulizwe swali moja tu: katika mji huu waungwana wapo, je, ambao si waungwana wako wapi? Akilitafuta jibu lake, atakuwa ameanza kusoma historia ya Roma na historia ya pwani kwa pamoja, kwa lugha yake mwenyewe.