BUNDUKI YA KWANZA: TUCHAGUE KWA AKILI



Leo tunazungumza juu ya bunduki. Wengi wetu tunalima chini ya Mlima Hanang. Nguruwe mwitu wakiingia shambani usiku mmoja, chakula cha watoto kimekwisha. Basi mtu husema: "Nitafute bunduki nyepesi." Vema, lakini asikilize kwanza.

Jambo la kwanza ni sheria. Sheria ya mwaka 2015 inakataza kumiliki bunduki bila leseni. Gobole nalo ni bunduki. Anzia serikali ya kijiji, kisha polisi. Tena leseni ya bunduki siyo ruhusa ya kuwinda. Ruhusa hiyo hutoka kwa watu wa wanyamapori, kwa sheria ya mwaka 2009.

Jambo la pili ni uzito. Bunduki nyepesi haichoshi mlimani. Lakini ikitumia risasi kubwa, hupiga bega teke kuliko ile nzito. Mwanafunzi akiumia mara mbili, mara ya tatu hufumba macho kabla ya kupiga. Risasi imekwenda wapi? Hajui! Kwa hiyo tujifunze kwa risasi ndogo. Lakini ndogo nayo isidharauliwe. Risasi ya .22 huweza kwenda zaidi ya kilometa moja. Usimpige mnyama aliye juu ya kilima. Nyuma yake kuwe na udongo, siyo nyumba za watu.

Jambo la tatu, bunduki ipimwe kwa mwili kama shati. Hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu pasipo na mtu. Fumba macho, weka kitako begani, kisha fumbua. Je, jicho limekaa sawa na shabaha? Kama unanyoosha shingo, hiyo siyo yako.

Na vifaa je? Mkanda wa kubebea, ufito na kitambaa cha kusafishia, mafuta kidogo, na tochi yenye mwanga mkali. Halafu masanduku mawili yenye kufuli: moja la bunduki, moja la risasi. Darubini ya bunduki ingoje, ni ghali.

Ndugu zetu, mahindi yakitikisika gizani, usipige. Huenda ni mtoto wa jirani. Washa tochi, mwone mnyama mzima, ndipo kidole kiguse kifyatulio.

Mahindi yakiliwa tutapanda tena. Mtu hapandwi.