Tuanze na Shahidi: Ufundishaji wa Sheria ya Ushahidi kwa Mifano ya Kasulu na Kibondo



1. Utangulizi

Somo la Sheria ya Ushahidi huogopwa na wanafunzi karibu katika kila chuo. Mwanafunzi hukabidhiwa Sura ya 6 ya Sheria za Tanzania pamoja na orodha ndefu ya hukumu za Mahakama ya Rufani, akaambiwa mtihani ni mwezi fulani. Hukariri, hufaulu, huendelea. Lakini mkalishe mwanafunzi huyo mbele ya bibi wa Heru Juu anayedai magunia manne ya maharage aliyomkopesha jirani bila kuandikiana, kisha muulize ushahidi wa bibi uko wapi. Mara nyingi atajibu kwamba haupo, kwa kuwa hakuna karatasi.

Jibu hilo si sahihi. Bibi mwenyewe ni shahidi. Aliyesaidia kubeba magunia ni shahidi. Balozi aliyeombwa baadaye kuwapatanisha anaweza kueleza jirani alikiri nini mbele yake. Mwanafunzi ameshindwa kuuona ushahidi ulioketi mbele yake kwa sababu tumemfundisha vifungu kabla ya kumfundisha shahidi.

Hoja ya mada hii ni moja. Kila kanuni ya ushahidi iliwekwa ili kuzuia hatari fulani: shahidi kusahau, kutishwa, kusimulia asichokiona, kutafsiriwa vibaya, au kielelezo kubadilishwa njiani. Mwanafunzi ajifunze kuitambua hatari kwanza, ndipo aende kwenye kifungu. Wilaya za Kasulu na Kibondo zinatupa mifano ya kutosha kufundishia hivyo. Vifungu nitakavyovitaja kwa namba ni vya Marejeo ya mwaka 2019.

2. Sheria hii ilikotoka

Sheria yetu ya Ushahidi ilitungwa mwaka 1967, ikiwa Sheria Na. 6 ya mwaka huo. Kabla ya hapo Tanganyika ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen kwa lengo la kuziweka kanuni zilizotawanyika katika hukumu za Kiingereza ndani ya sheria moja fupi. Kenya na Uganda nazo zilijenga sheria zao juu ya msingi huo. Ndiyo maana mpaka leo mawakili wetu huwanukuu wachambuzi wa India kama Sarkar. India yenyewe imekwisha kuiacha sheria ile: mpya, iliyotungwa mwaka 2023, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Historia hii ina faida darasani. Inaonyesha kwamba kanuni hubadilika pale jamii inapoipima hatari upya. Stephen alikataza kabisa ungamo lililotolewa kwa polisi lisitumike dhidi ya mshtakiwa, kwa hofu ya mateso. Sisi, chini ya kifungu cha 27, tunalipokea ungamo lililotolewa kwa hiari mbele ya askari wa cheo cha koplo au zaidi, lakini tumeubebesha upande wa mashtaka wajibu wa kuthibitisha hiari hiyo. Hatari ni ile ile. Kinga ndiyo tofauti. Mwanafunzi akilielewa hilo, kifungu kikirekebishwa kesho hatapotea.

3. Mahakama ya Mwanzo

Bibi wa Heru Juu hataanzia Mahakama Kuu. Ataanzia Mahakama ya Mwanzo, na kifungu cha 2 cha Sheria ya Ushahidi kinasema wazi kwamba sheria hiyo haitumiki huko. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake za ushahidi, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 22 la mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1972. Ni kanuni fupi, na mtu makini huzimaliza jioni moja. Hata hivyo katika mihadhara mingi hupita kama aya ya utangulizi, ilhali huko ndiko kesi nyingi za wananchi huanzia: madeni, mirathi, ndoa, wizi mdogo, kupigana.

Kanuni hizo zinaeleza kiwango cha uthibitisho kwa namna inayomfaa mwananchi. Katika jinai, mahakama lazima iridhike bila kuacha shaka ya maana. Katika madai, inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe na uzito kuliko wa mwingine. Uzito huo haupimwi kwa idadi ya mashahidi. Ndugu kumi waliokuja kumsindikiza mdaiwa, wasiokuwepo magunia yalipobebwa, hawamzidi kijana mmoja aliyeyabeba.

Tahadhari moja inahusu mabaraza ya kata. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 iliyaondolea kufungwa na kanuni za ushahidi, na mwaka 2021 Bunge likayaondolea mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki kusuluhisha. Wapo wanaodhani kwamba chombo kisichofungwa na kanuni hakihitaji hoja za ushahidi. Sikubaliani nao. Msuluhishi asiyeuliza nani aliona, aliona akiwa wapi, na amejuaje, atasuluhisha kwa kufuata sauti kubwa. Kanuni inaweza kuondolewa kwa sheria, lakini hatari iliyoizaa hubaki.

4. Mifano mitatu ya kufundishia

*4.1 Mpaka wa shamba.* Tuchukue majirani wawili wa Makere wanaogombea ukanda wa shamba, mmoja akisema mpaka ni mstari wa minyaa, mwingine akisema ni kijito kilichokauka. Shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Sheria ya Ushahidi inatumika, na kifungu cha 110 kinamtaka anayedai athibitishe. Mashahidi watapingana, na baraza linaweza kuamua kwenda kuliona eneo.

Hapo ndipo somo lilipo. Katika shauri la Nizar Ladak dhidi ya Gulamali Fazal Jan Mohamed la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ziara ya namna hiyo ifanyike kwa nadra, kwa sababu anayeamua anaweza bila kujitambua akageuka kuwa shahidi. Ikibidi kwenda, wahusika wawepo, mashahidi wanaohitajika wawepo, maelezo yaandikwe, kisha wote warudi barazani yasomwe na kila upande upewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Mwenyekiti akitembea peke yake na upande mmoja, akaona minyaa mizee akaamini, ameupokea ushahidi wa macho yake mwenyewe, ambao hakuna anayeweza kuuhoji. Mwanafunzi akishaiona hatari hiyo, hatua zote zinajieleza zenyewe.

*4.2 Kielelezo kutoka porini.* Kibondo inapakana na Pori la Akiba Moyowosi, ndani ya ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania. Katika maeneo kama haya kesi za kukutwa na nyara za Serikali ni za kawaida, na adhabu yake ni kubwa. Kielelezo chake ni kigumu kukitunza: nyama huoza.

Katika Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilitaka kuwe na kumbukumbu zinazoonyesha kwa mfululizo nani alikamata, nani alitunza, nani alipokea na nani alichunguza. Baadaye, katika Issa Hassan Uki dhidi ya Jamhuri, ilieleza kwamba vitu visivyobadilika mikono kwa urahisi, kama meno ya tembo, havihitaji ukali ule ule. Kwa nyama inayooza, hukumu ya Mohamed Juma Mpakama dhidi ya Jamhuri inataka mshtakiwa afikishwe mbele ya hakimu na asikilizwe kabla amri ya kuteketeza haijatolewa.

Mwanafunzi anayekariri hukumu tatu hizi huona zinapingana. Anayeuliza hatari iko wapi huona zinakubaliana. Jino la tembo haliwezi kugeuzwa mbavu za mbuzi usiku mmoja stoo. Nyama inaweza, na ikishateketezwa hakuna atakayeiona tena, kwa hiyo mshtakiwa lazima aseme neno lake ingali mezani.

*4.3 Shahidi mtoto.* Huu ndio mfano unaonigusa kuliko yote. Mtoto wa miaka tisa aliyedhuriwa anafika mahakamani. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, kifungu cha 127(2) kinamruhusu mtoto wa umri mdogo, yaani asiyezidi miaka kumi na minne, kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kwanza kusema ukweli na kutosema uongo. Katika Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilielekeza maswali mepesi ya kumfikisha mtoto kwenye ahadi hiyo: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema kweli. Katika shauri hilo ahadi haikuchukuliwa, na ushahidi wa mtoto ukakosa thamani.

Tufikirie gharama yake. Dakika tatu zikirukwa Kibondo, miaka kadhaa baadaye rufaa inakubaliwa, na mtoto ambaye sasa ni kijana anaambiwa kwamba maneno yake hayakuhesabika. Enzi zile Kigoma haijapata masjala ya Mahakama Kuu, rufaa zilikwenda Tabora, na familia ilisubiri habari kutoka mbali. Kanuni hii inamlinda mshtakiwa dhidi ya mtoto aliyefundishwa cha kusema, na inamlinda mtoto dhidi ya uzembe wetu. Hakimu, mwendesha mashtaka na wakili wote wana wajibu wa kuhakikisha ahadi imechukuliwa na imeandikwa.

5. Lugha, mkalimani na shahidi anayeondoka

Wazee wengi wa vijijini hapa hujieleza vizuri zaidi kwa Kiha. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ina watu kutoka Kongo. Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, iliwapokea Warundi. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, hatua iliyopunguza safari ya maneno ya shahidi. Zamani, nje ya Mahakama ya Mwanzo, aliyesema Kiha alitafsiriwa kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Leo hatua moja imepungua, lakini ya kwanza ingalipo.

Kifungu cha 211 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka ushahidi utafsiriwe kwa mshtakiwa asiyeielewa lugha. Darasani tunaishia hapo. Tungepaswa kwenda mbele: wakili anapomdodosa shahidi chini ya kifungu cha 154 kwamba maelezo yake polisi yanatofautiana na anayoyasema sasa, swali la kwanza ni lugha gani ilitumika polisi, na nani alitafsiri. Tofauti inayoonekana kama uongo inaweza kuwa kazi ya mkalimani aliyefupisha.

Hali ya ukimbizi inaleta tatizo jingine: shahidi amerejea Burundi au amehamishiwa nchi ya tatu kabla kesi haijasikilizwa. Kifungu cha 34B kinaruhusu maelezo yake ya maandishi kupokelewa, lakini masharti yake lazima yatimie yote kwa pamoja, na moja ni kwamba upande wa pili uwe umepewa nakala na haukupinga ndani ya siku kumi. Sharti hilo linatokana na hatari iliyo wazi: karatasi haiwezi kuhojiwa. Mpelelezi anayejua mapema kwamba shahidi wake yuko kwenye orodha ya kuondoka anapaswa kuyaandika maelezo kwa uangalifu huo tangu siku ya kwanza.

6. Mapendekezo

Kwanza, muhula wa Sheria ya Ushahidi uanze na kanuni za Mahakama ya Mwanzo, kisha Sura ya 6 ifundishwe kama jengo lililopanuliwa kutoka hapo.

Pili, kila mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo amsikilize shahidi mmoja mahakamani tangu mwanzo hadi mwisho, kisha aandike kurasa mbili: shahidi alijua nini mwenyewe, aliambiwa nini, na ni swali gani halikuulizwa. Majina ya watoto na waathirika yasiandikwe.

Tatu, mahakama za mazoezi vyuoni ziache kujadili rufaa tu. Zifanye zoezi la kutembelea shamba lenye mgogoro, zoezi la kumhoji shahidi kupitia mkalimani, na zoezi la kukabidhiana kielelezo kwa maandishi.

Nne, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wafundishwe kumwandaa mwananchi bila kumfundisha cha kusema: atofautishe alichokiona na alichoambiwa, atunze kila karatasi ya awali, na ataje mapema walioshuhudia.

7. Hitimisho

Shahidi wa Kasulu au Kibondo hutembea mbali kufika mahakamani. Huacha shamba, hujitia katika uadui na jirani, husimama mbele ya watu asiowajua. Mwanasheria aliyekariri bila kuelewa anaweza kuupoteza ushahidi huo kwa swali moja baya au pingamizi moja lisilo na maana. Elimu yetu ipimwe kwa uwezo wa mhitimu kuupokea ushahidi huo ukiwa mzima na kuupima kwa haki, kwa mdai na kwa mshtakiwa vilevile.

Kwa ajili ya majadiliano ya vikundi naleta maswali mawili. Je, wakalimani wa Kiha na Kirundi wa mahakama za wilaya zetu wapatiwe mafunzo gani, na nani ayatoe? Na je, mahakimu mlioko hapa mko tayari kuwapokea wanafunzi kwa zoezi nililolitaja katika pendekezo la pili?